Mpini wa nyundo unaokatika shingoni: je, nichomelee bomba?

“Mimi ni seremala wa mijengo hapa Nairobi. Tunapigilia mbao za kumwagia zege kwa misumari ya inchi 4, zege likishika tunazibomoa. Nina nyundo ya kucha ya wakia 16, kichwa chake kizuri sana, nimekaa nacho miaka. Shida ni mipini. Mwaka huu nimebadilisha minne na yote imekatika pale pale, chini tu ya kichwa. Kichwa kikilegea huwa naloweka nyundo kwenye maji usiku kucha, na mbao nimejaribu za kila aina. Jirani yangu wa kuchomelea anasema aniwekee bomba la nusu inchi, achomelee, nisahau. Nimkubalie? Na kwa nini mpini ukatike juu kule ilhali mkono wangu unashika chini?”

Fundi, mwambie jirani yako asiwashe mashine. Bomba hilo litakuondolea tatizo la mbao na kukuletea la chuma, na la chuma halitoi onyo. Sababu nitazieleza mbele. Tuanze na swali lako la pili, maana ukishajua kwa nini inakatika shingoni, mengine yote yanajibika.

Wengi huamini mpini huvunjwa na kugonga. Hebu tupige hesabu. Kichwa cha wakia 16 kina gramu 450 hivi. Mkono uliozoea kazi unaweza kukifikisha msumarini kwa kasi ya mita 7 kwa sekunde, na hapo kinakuwa kimebeba nishati ya joule 11. Msumari ukizama milimita 4 kwa pigo hilo, kani ya wastani kati ya kichwa na msumari ni nyutoni 2,750, sawa na kuukalishia uzito wa kilo 280. Ni nyingi, lakini tazama njia inayopitia: inatoka kwenye uso wa nyundo, inaingia msumarini, imekwisha. Haipiti kwenye mpini. Mpini wenyewe unabeba kishindo cha kusimamisha uzito wake tu, gramu 150 au karibu na hapo. Pigo safi la katikati ya uso wa nyundo haliusumbui, hata ulirudie mara elfu kwa siku.

Kung'oa ndiko kunakoumiza. Ukishavisha kucha kwenye msumari na kuvuta, nyundo imegeuka wenzo. Mkono wako uko karibu sentimita 28 kutoka kwenye egemeo, yaani pale kichwa kinapokanyaga mbao, na msumari uko sentimita 3 na nusu kutoka hapo hapo. Nguvu yako inazidishwa mara 8. Ukivuta kwa kilo 30, msumari unavutwa kwa kilo 240. Hii ni faida kubwa, lakini safari hii kila kilo ya faida hiyo imepita kwenye shingo. Mpini unapindwa, na mpindo huo ni sifuri mkononi mwako, unaongezeka kadiri unavyopanda, unafika kilele pale mbao inapoingia kwenye tundu la kichwa. Na pale ndipo tulipopunguza unene ili mbao iingie! Mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote ndipo palipo pembamba kuliko pote. Hilo si kosa lako wala la mwuza mipini, ni gharama ya umbo la nyundo ya kucha, na kazi ya fundi ni kuishi nalo.

Shingo ya kawaida ina umbo la yai, milimita 26 kwa upande wa kugongea na 18 kwa upande mwingine. Vuta kilo 30 na shingo hiyo inapata mkazo wa megapaskali 62 hivi, yaani nyutoni 62 kwa kila milimita mraba ya mbao. Vuta kwa uzito wa mwili, kilo 45, unafika 93. Sasa linganisha na mbao zenyewe: saiprasi kavu isiyo na fundo huvunjika mahali pa megapaskali 70. Mkaratusi mzuri uliokauka, ule wengi wanauita bulugamu, huhimili karibu 100 na pengine zaidi. Hikori ya Marekani, ambayo viwanda vya huko hupenda kuitumia kwa mipini, huenda hadi karibu 140. Kwa hiyo mpini wa saiprasi kwenye kazi yako umeshashindwa kabla haujatoka dukani. Wa mkaratusi unapita, lakini akiba yake ni ndogo, na kuna mambo matatu yanayoila akiba hiyo.

La kwanza ni mkao wa nyuzi za mbao. Mbao ina nguvu kwa urefu wa nyuzi zake, kuzikata kwa upande ni rahisi kama kupasua kuni. Mpini uliochongwa kutoka ubao uliopasuliwa kwa msumeno bila kufuata nyuzi unazo zinazokimbilia ubavuni. Zikihama sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za urefu, mbao inabaki na takriban asilimia 81 ya nguvu yake. Zikihama 1 kwa kila 5, inabaki na asilimia 55. Mkaratusi wako wa 100 umeshakuwa wa 55, dhaifu kuliko saiprasi iliyonyooka. Naamini hapa ndipo penye sababu ya wewe kubadilisha aina za mbao bila kuona tofauti. Mti unaweza kuwa mzuri na kipande kikawa kibaya.

La pili ni kukosa msumari. Kichwa kikipita mbele na shingo ikatua kwenye ukingo wa mbao, joule zote 11 zinamalizikia kwenye eneo la upana wa kidole. Nyuzi za upande wa mbele zinasagika. Kwa macho ni kibonyeo kidogo tu, kilichojaa vumbi la saruji, lakini nguvu ya kuhimili mpindo hufuata mraba wa kimo. Shingo ya milimita 26 ikipoteza 4, imebaki na asilimia 72 ya nguvu. Baada ya hapo utavuta msumari mmoja mgumu na mpini utakatika, nawe utaulaumu ule msumari.

La tatu, na hili unajifanyia mwenyewe, ni maji. Kuloweka nyundo ni desturi ya zamani na inaonekana kufaulu kwa sababu asubuhi kichwa kimekaza. Kilichotokea ni hiki: mbao imevimba ndani ya tundu la chuma lisilotanuka, na kwa kukosa pa kwenda, nyuzi zake zimejiponda zenyewe. Ikikauka baada ya siku mbili tatu, hairudi unene wa awali. Inanywea zaidi ya ilivyokuwa, kichwa kinalegea zaidi, unaloweka tena. Halafu mbao iliyolowa hupoteza theluthi ya nguvu yake au zaidi. Yaani asubuhi ile unapoondoka ukifurahi kwamba kichwa kimeshika, shingo ndiyo dhaifu kuliko siku zote, na unaipeleka moja kwa moja kubomoa mbao za zege.

Kama bado una vipande vya mpini uliokatika mwisho, vitazame kwenye mwanga. Mvunjiko wenye vibanzi virefu vya sentimita 5 na kuendelea, kama ufagio, unaonyesha mbao ilikuwa nzima ila ulivuta kupita uwezo wake. Mvunjiko laini ulioinama kama ulimi ni nyuzi zilizokimbilia ubavuni. Mvunjiko mfupi, bapa, kama karoti iliyokatwa mkononi, ni mbao iliyosagika, iliyooza au iliyokuwa mbovu tangu mwanzo. Na ukiona ufa ulionyooka unaoanza katikati ya kichwa na kushuka, mkato wa kabari, ule wa juu ya mpini unaopokea kabari, ulifanywa mrefu mno.

Turudi kwa jirani yako. Chuma cha kichwa cha nyundo si kama chuma cha geti. Kina kaboni ya kutosha kukifanya kigumu kikipashwa moto na kupozwa ghafla, na kiwandani walikitendea kwa makusudi: uso na kucha vikaachwa vigumu, kuta za tundu zikaachwa laini kidogo ili zisipasuke kwa vishindo. Kuta hizo ndizo nyembamba, na ndizo atakazochomelea. Ukanda ulio kando ya weldi unapita nyuzijoto 800, kisha kichwa chenyewe, ambacho ni baridi na kizito, kinaunyonya moto ule haraka. Chuma hicho kinageuka kigumu na chepesi kupasuka kama kioo, mahali palipotakiwa pawe laini. Nyufa nyembamba kama unywele zinaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, hata kesho yake, wakati fundi ameshakukabidhi. Na moto ukienea hadi kwenye uso wa nyundo unalainisha ule ugumu, nao unaanza kutandazika kama uyoga.

Mbao ikitaka kukatika hulia, huonyesha ufa, kichwa huyumba. Weldi ya namna hii huachia mara moja. Ukiwa ghorofa ya tatu na vijana wa kokoto wako chini, kichwa cha nusu kilo kinachoruka ni ajali ya mtu kufa.

Kuna na suala la mkono. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa sentimita 33 lina uzito wa gramu 400, karibu sawa na kichwa chenyewe. Utainua karibu robo kilo zaidi kila pigo, na robo hiyo haisaidii msumari kama ambavyo ingesaidia ikiwa kichwani. Bomba pia linapitisha mtetemo hadi kwenye kiwiko, ambapo mbao ingeumeza sehemu yake. Nyundo za mpini wa chuma za kiwandani zipo na ni nzuri, ila zile hufuliwa kipande kimoja pamoja na kichwa au hubanwa kwa mashine, na hupewa mpira wa kushikia. Usizilinganishe na bomba la kuchomelea.

Sasa ufanye nini? Shauri langu la kwanza halihusu mpini kabisa. Nunua mtaimbo mdogo wenye kucha, wa urefu wa sentimita 60, uwe ndio wa kubomolea. Kwa egemeo la sentimita 4 unazidisha nguvu yako mara 14, na hauna shingo ya mbao ya kukatika. Msumari wa inchi 4 uliozama sentimita 6 na nusu kwenye saiprasi huhitaji kilo 180 hivi kuanza kutoka, na kwenye nguzo ya mkaratusi, ambayo ni nzito zaidi, huhitaji mara mbili ya hapo na kupita. Nyundo ya wakia 16 haikuundwa kwa kazi hiyo ya pili. Ukiitumia kwa misumari ya saiprasi tu, weka kipande cha mbao cha sentimita 3 chini ya kichwa mara tu msumari unapochomoza. Bila hicho, kichwa kinaviringika na egemeo linahama kuelekea upande wa uso, ule umbali wa sentimita 3 na nusu unakuwa 6 au 7, na nguvu unayohitaji inakaribia mara mbili huku msumari ukipinda. Na usiizungushe nyundo kwa ubavu ili kulegeza msumari sugu. Kwa upande ule shingo ina milimita 18 tu, nguvu yake ni pungufu kwa karibu theluthi.

Kisha mpini. Mbao itafute soko la Gikomba au kwa mtu anayeuza kuni za mkaratusi, na ikiwezekana chukua gogo lililopasuliwa kwa shoka badala ya ubao wa msumeno, maana shoka hufuata nyuzi lenyewe. Ukinunua mpini tayari, ulaze machoni na ufuate mstari mmoja wa nyuzi kutoka mwisho hadi mwisho: katika sentimita 30 usihame zaidi ya sentimita 1 na nusu. Fundo lolote kwenye theluthi ya juu, rudisha. Utasikia mafundi wakibishana iwapo pete za mti zilale au zisimame zikitazamwa mwishoni mwa mpini. Zikifuata urefu wa lile yai ni vizuri, lakini jambo hilo ni dogo mno likilinganishwa na mstari wa nyuzi. Usikatae kipande kilichonyooka kwa ajili ya pete.

Kausha. Mbao mbichi ikiingizwa leo italegea mwezi ujao hata ungeweka kabari ya dhahabu. Paka rangi ncha zote mbili ili zisipasuke, weka kivulini penye hewa kwa wiki 6 hadi 8, na pima kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili. Uzito ukibaki ule ule wiki mbili mfululizo, imekauka kwa hewa ya Nairobi.

Kuchonga kwenyewe unakujua, kwa hiyo nitasema mahali pamoja tu. Pale sehemu inayoingia tunduni inapokutana na shingo, watu wengi huacha kidato, kona kali iliyokatwa kwa msumeno. Mkazo hujikusanya kwenye kona kama hiyo na unaweza kuwa maradufu ya ule tuliouhesabu. Fanya mteremko mrefu wa sentimita 3 au 4, laini, bila ngazi, umalizie kwa kipande cha kioo na msasa namba 120. Ukipitisha kidole usihisi mahali pa kukwama.

Kuingiza: shika nyundo kichwa kikiwa chini kikining'inia, gonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Kichwa kitapanda chenyewe kwa sababu uzito wake unakataa kwenda na mpini. Toa, utaona weusi mahali panapobana, chonga hapo tu, rudia mara nne au tano. Juu iache mbao ichomoze milimita 3. Mkato wa kabari, unaoukata kabla ya kuingiza kwa mara ya mwisho, ufike theluthi mbili za kina cha tundu, kama milimita 20 kwa tundu la 30, usiguse shingo. Tundu la kichwa limetanuka kidogo upande wa juu kwa sababu maalumu: kabari ya mbao ngumu na kavu ikiingia, inaijaza sehemu hiyo na kichwa hakiwezi kurudi juu. Kabari ya mbao ikae kwa urefu wa yai, ya chuma iingie mshazari ikiikata ile ya mbao. Misumari iliyopigwa kiholela badala ya kabari hupasua tu.

Paka mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya rangi, mara tatu, na hasa pale juu kwenye ncha iliyo wazi, kwa sababu ncha ndiyo inayonywa na kutoa unyevu haraka. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke au kitumbukize majini. Kikiachwa kimekunjwa kinaweza kujiwasha moto chenyewe. Mafuta machafu ya injini usiyatumie: hayakauki, kabari inateleza, na ngozi yako inayanywa siku nzima.

Mwisho kata ukanda wa tyubu ya baiskeli wa sentimita 2 na nusu, uuvute na kuuzungusha kwa nguvu kwenye sentimita 5 za kwanza chini ya kichwa. Siku utakapokosa msumari, mpira ndio utakaopokea. Ufungue kila mwezi uangalie kama kuna ufa, kwa sababu unalinda na pia unaficha.

Kama kazi hii huna nafasi nayo, nyundo ya mpini wa nyuzi za kioo ni chaguo la heshima: haikauki, hailowi, na huhimili kukosa msumari vizuri kuliko mbao. Kasoro yake ni kwamba kichwa kimegandishwa kwa gundi ya kiwandani, na ikivunjika huwezi kuiwekea mpini mwingine kando ya barabara. Kwa mtu anayependa kichwa chake kama wewe, ningebaki na mbao.

Kabla hujaanza, kagua kichwa chenyewe mchana, kwa mkono wa fundi wa vyuma kama unaona shaka. Ufa wowote kwenye kuta za tundu, ukucha uliomeguka, au uso uliovunjika ukingoni, kichwa hicho kimemaliza kazi, wala hakirekebishwi. Usikigonge na nyundo nyingine hata kwa kutoa mpini wa zamani. Nyuso mbili ngumu zikigongana hurusha kipande kidogo chenye makali, na miwani ya kazi lazima iwepo usoni. Kipande kikiingia jichoni usisugue wala usikitoe mwenyewe, funika na uende siku hiyo hiyo hospitali yenye kitengo cha macho, hata kama maumivu yametulia. Na kama baada ya mipini hii minne kiwiko kinauma unapokunja ngumi, au vidole vinakufa ganzi usiku, hilo si la kuuliza fundi wala mhandisi. Daktari auone mkono huo kabla hujarudi kubomoa.